Mstari wa Pili Haufuati

Watu wakisikia kwamba mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana, huko juu ya Embu ambako majani chai yanaanzia, aliwahi kuandika programu ya kompyuta ya kukagua thibitisho za hisabati, hudhani nilipenda kompyuta. Sikupenda kompyuta. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo haikupata mahali pengine pa kwenda.

Ilianza na mtihani wa pamoja wa wilaya, mwishoni mwa miaka ya tisini. Swali moja lilisema: ikiwa ax = ay, onyesha kwamba x = y. Mtungaji alitaka ugawe pande zote mbili kwa a, uandike x = y, uendelee na swali linalofuata. Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, msichana mrefu, mkimya, aliyetoka upande wa chini wa Mbeere kwenye joto na mbuzi. Yeye hakugawa. Aliandika kwamba jambo hilo si kweli kila wakati. Ikiwa a ni sifuri, alisema, ukiizidisha kwa moja unapata sifuri, ukiizidisha kwa mbili unapata sifuri vilevile, lakini moja na mbili si kitu kimoja. Kisha akaendelea: lakini ikiwa a si sifuri, njia ni hii. Akaionyesha kwa mistari michache, misafi, bila kufuta popote.

Alipewa sifuri.

Aliyetunga swali hilo alikuwa mkuu wa idara yetu ya hesabu. Alikuwa mtu wa makamo, mwimbaji mzuri kanisani, chaki daima mfukoni mwa shati. Hakutosheka na ile sifuri. Jumatatu asubuhi alisimama na karatasi ya msichana mbele ya gwaride, shule nzima imesimama kwenye umande, akalisoma jibu lake kwa sauti ya kuigiza. "Huyu," akasema, "anamfundisha mtahini." Wasichana wakacheka, kwa kuwa ndicho kilichotakiwa. Baadaye msichana akachapwa viboko nje ya ofisi kwa kosa la kiburi.

Nilimfuata mkuu wa idara kwenye chumba cha walimu wakati wa chai. Alikuwa anamenya ngwaci, viazi vitamu vilivyochemshwa, akivipanga kwenye kifuniko cha bakuli.

"Mwalimu," nikamwambia, "yule msichana alikuwa sahihi."

"Najua unampenda."

"Sijasema habari ya kupenda. A ikiwa sifuri huwezi kugawa. Tunawafundisha hivyo kidato cha kwanza."

"Skimu ya kusahihishia inasema gawa kwa a."

"Basi skimu imekosea."

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Skimu haiwezi kukosea, madam. Skimu ndiyo inatuambia nani amekosea." Akatia kipande cha kiazi mdomoni. Walimu wengine waliinamia vikombe vyao.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja wiki iliyofuata. Niliwapa darasa zoezi, na nilipofika kwenye daftari la yule msichana nikakuta kando ya kila hatua ameandika: kama mwalimu alivyosema. Nilimwita.

"Hii ni sababu gani ya hesabu?"

"Ndiyo salama, madam," akajibu. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa amejifunza.

Likizo ya Agosti nilirudi nyumbani Meru. Shule yetu ilikuwa imepewa kompyuta na wafadhili wa ng'ambo, na mwalimu mkuu, mama aliyezipenda kompyuta zile kama vyombo vya kioo, alitaka mwalimu mmoja ajifunze kuchapa mitihani. Nikatumwa mimi. Mjini palikuwa na chumba cha kupanga, mtaa wa Majengo, nyuma ya bucha moja, ambapo kaka mmoja Mwislamu alifundisha watu kutumia kompyuta. Alizaliwa hapohapo Majengo, lakini Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu sote, na mimi niliyejifunza Kiswahili shuleni na kuongea Kimeru nyumbani nilikuwa nikijisikia mzito mbele yake. Siku moja wanafunzi wengine walipokwenda kuswali, aliniuliza kwa nini ninapiga vitufe kana kwamba vimenitukana. Nikamsimulia yote: swali, gwaride, viboko, ngwaci.

"Kwani, dada, hesabu haina hakimu?" akauliza.

"Haina. Ina mkuu wa idara."

Akacheka kidogo. Kisha akaigusa kompyuta iliyokuwa mbele yangu. "Huyu ni hakimu mjinga sana. Hajui lolote. Lakini ukimpa sheria ataifuata, na hamjui mtu. Kompyuta za shule yenu zina programu gani?"

"Ya kuchapa. Na ile ya kutazama mtandao, ingawa mtandao wenyewe hatuna. Hata simu ya ofisi inafanya kazi ikitaka."

"Brauza." Hicho ndicho siku hizi wanakiita kivinjari. "Hiyo inatosha. Brauza haihitaji mtandao kusoma ukurasa ulio kwenye diski yako. Na ndani ya ukurasa unaweza kuandika maagizo, nayo ikayatekeleza."

Akanionyesha. Aliandika mistari michache, akaifungua kwa brauza, na kijisanduku kikatokea kwenye skrini kikiuliza jina langu. Kilikuwa kitu kidogo cha kitoto. Lakini nilirudi nyumbani siku hiyo natembea haraka, nikiwaza yule msichana akiandika uthibitisho wake kwenye kijisanduku kama kile, na jibu likitoka mahali ambapo hakuna mtu aliyeketi akimenya viazi.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta kwa ajili ya kuchapa mitihani. Nilichapa mitihani, kisha nikabaki. Kila alasiri wasichana wakiwa uwanjani nilikuwa mle ndani. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, kama makochi ya sebule ya askofu, na wanafunzi hawakuruhusiwa kuzigusa. Mara kwa mara mwalimu mkuu alichungulia mlangoni. "Madam, usizichoshe mashine za wageni." Nilimwambia hazichoki. Hakuamini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye ukurasa niliweka kisanduku kikubwa cha kuandikia. Mwanafunzi anaandika uthibitisho mstari kwa mstari, na mwishoni mwa kila mstari anataja sheria anayoitumia na mistari anayoitegemea. Chini kuna kitufe kilichoandikwa Kagua. Ukikibonyeza, programu inapitia mistari mmoja baada ya mwingine. Mstari unaofuata kutokana na sababu zake unakuwa kijani. Usiofuata unakuwa mwekundu, na kando yake maneno: mstari huu haufuati. Basi. Haitoi alama. Haiulizi umetoka wapi wala mnasali wapi.

Ni rahisi kueleza. Kuiandika kulinitoa jasho. Kompyuta haioni hesabu kama tunavyoiona sisi, inaona herufi zimepangwa foleni. Ilibidi niifundishe kuipasua kila sentensi iwe kama mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini, ndipo iweze kulinganisha mti na mti na kusema huu umetokana na ule. Mabano peke yake yalinila muhula mzima. Stima ilipopotea, na ilipotea ovyo miaka ile, alasiri nzima ilipotea nayo, na niliwahi kuupiga mguu wa meza teke hadi nikachechemea mpaka nyumbani. Nilikuwa nimemkasirikia mkuu wa idara, kampuni ya umeme, mabano, na nafsi yangu kwa kutojua. Niliendelea tu.

Sheria nilizipa namba. Ya nane ilihusu kuondoa kizidishi: kutoka ax = ay unaweza kwenda x = y, mradi tu uonyeshe mstari unaosema a si sifuri. Hiyo niliiandika nimekaza meno.

Ilipoanza kufanya kazi, yule msichana alikuwa ameshaingia kidato cha nne. Nikamwita aijaribu.

"Sitaki shida, madam," akasema mlangoni.

"Hapa hakuna gwaride. Keti."

Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akaisoma orodha ya sheria mara moja.

"Inaamini chochote tu?"

"Haiamini kitu bila sababu."

Akaandika mstari mmoja: 0 = 1, kutokana na mstari wa kwanza. Huo wenyewe ulikuwa ndio mstari wa kwanza. Akabonyeza Kagua. Ukawa kijani.

Alijiziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika. Tangu lile gwaride sikuwa nimemwona akicheka. Mimi nilikaa pale naona aibu na kuona raha kwa pamoja. Kumbe niliiagiza kompyuta itafute mstari uliotajwa na kuhakikisha unasema jambo hilohilo, lakini sikuiambia kwamba mstari huo lazima uwe juu yake. Jambo likawa linajithibitisha lenyewe. Nilirekebisha palepale, naye akiwa amesimama nyuma yangu akiniambia nimesahau kufunga bano. Kuanzia siku hiyo akawa anakuja kila alipoweza, akiwinda matundu, na aliyapata mengi. Daftari lake darasani lilianza tena kuwa na sababu za kweli.

Halafu ikaja siku ya kufungua rasmi chumba cha kompyuta. Afisa wa elimu kutoka wilayani alikuja, na wageni wa kanisa, na wazazi wa bodi. Mwalimu mkuu aliniomba nionyeshe "kitu kidogo, kizuri". Nilimuuliza msichana kama angekubali kuandika mbele ya watu.

"Uthibitisho upi?"

"Unajua upi."

Akafikiri. "Nianze na wa skimu?"

"Anza na wa skimu."

Chumba kilijaa suti na manukato. Nilieleza kwa ufupi, msichana akachapa. Mstari wa kwanza: ax = ay, tumepewa. Kijani. Mstari wa pili: x = y, kwa sheria ya nane, kutokana na mstari wa kwanza. Mwekundu. Mstari huu haufuati: haijaonyeshwa kwamba a si sifuri. Kisha akafuta, akaandika wake, uleule uliosomwa kwenye gwaride, na mistari yote ikawa kijani hadi chini.

Wageni walipiga makofi bila kujua wanachopigia. Walimu wa hesabu walijua. Mkuu wa idara aliyekuwa amesimama karibu na dirisha akasogea mbele.

"Hii programu imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi inasema unachotaka wewe."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa hoja nzuri, na sikuwa nimeitegemea kutoka kwake.

"Sheria zote ziko wazi," nikamwambia. "Fungua hapa, utaona kila neno nililoandika. Soma, uniambie sheria gani ni ya uongo."

"Sina haja ya kusoma. Jibu la swali lile linajulikana."

"Linajulikana kwa nini?"

"Kwa sababu liko kwenye skimu."

"Na liko kwenye skimu kwa nini?"

"Kwa sababu ndilo jibu."

Msichana alikuwa bado ameketi, ametugeuzia mgongo. Akasema kwa sauti ya chini lakini iliyosikika, "Mstari wa kwanza, kutokana na mstari wa kwanza."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Afisa wa elimu akatazama saa. "Walimu, mambo ya darasani tuyaache darasani," akasema, na mwalimu mkuu akawaongoza wageni kwenda kula. Kulikuwa na mukimo, chapati na kuku. Sisi wawili tulibaki tukizifunika kompyuta kwa vile vitambaa.

Ile sifuri haikubadilishwa. Ufunguo nilinyang'anywa wiki hiyohiyo, na kabla ya mwezi kwisha nikapokea uhamisho kwenda Timau. Mwalimu mkuu alisema hajui uhamisho huo umetoka wapi. Nilichukua diski zangu, lakini nakala ya programu ilibaki kwenye kompyuta zile.

Timau ni baridi. Upepo unashuka kutoka mlimani ukipita juu ya mashamba ya ngano bila kitu cha kuuzuia, na shule niliyopelekwa haikuwa na stima, sembuse kompyuta. Jumamosi nilishuka Meru, hadi Majengo, na yule kaka alinipa mashine yoyote iliyokuwa haina mtu. Hakunitoza kitu. Aliniletea kahawa yenye tangawizi na kuniuliza, "Hakimu wetu anaendeleaje?" Nilimwambia anaendelea. Niliziba matundu yote ambayo msichana aliyapata, na mengine niliyoyapata mwenyewe.

Mwaka uliofuata, matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, msichana alikuja Timau kunisalimia. Alikuwa amepita vizuri sana. Tuliketi jikoni kwangu karibu na jiko la kuni, yeye akijikunyata ndani ya sweta langu, kwa kuwa mtu wa Mbeere hakuizoea ile baridi.

"Kuna swali lilikuja, madam, karibu kama lile," akasema.

"Ukaandika nini?"

"Nikagawa." Akasogeza mikono karibu na moto. "Nilijua si sawa. Lakini nilijua wanataka nini. Nilipita, madam."

Nikamwambia amefanya vyema. Ningemwambia nini kingine? Mtoto wa watu alikuwa na maisha ya kutafuta. Nilimpakulia githeri na kumwongezea parachichi, nikamsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nilivunja kuni nyingi kuliko nilizohitaji. Tulichukua mtoto aliyeuona ukweli peke yake, tukamfundisha kuuficha, kisha tukampa alama za juu kwa kuuficha vizuri.

Agosti ya mwaka huo kulikuwa na semina ya walimu wa hesabu wa mkoa mzima, Embu mjini. Nilienda kwa sababu tulilazimishwa. Asubuhi ikaenda na hotuba. Baadaye mwenyekiti akatangaza kwamba shule fulani itatuonyesha ubunifu wake katika matumizi ya kompyuta, na aliyeinuka, chaki mfukoni, alikuwa mkuu wa idara wangu wa zamani. Walikuwa wamebeba kompyuta moja hadi pale ukumbini. Nilikuwa nyuma, lakini kisanduku kile ningekijua hata kwa mbali zaidi. Maneno yangu ya Kiswahili yalikuwa yamegeuzwa Kiingereza. Juu kulikuwa na jina la shule na jina lake yeye.

Hilo ningelimeza. Wizi nimeuona mwingi. Ila akachagua mfano, na mfano alioutumia ulikuwa ax = ay. Mstari wa kwanza, kijani. Mstari wa pili, x = y. Kijani.

Programu yangu isingeweza kusema hivyo. Ili iseme hivyo, ilibidi mtu aifungue, apite katikati ya mamia ya mistari ya maagizo, aifikie sheria ya nane, akikute kipande kinachouliza kama a ni sifuri, na akiondoe hicho tu bila kuharibu kingine. Mtu asiyeelewa asingeweza kufanya kazi safi namna ile. Muda wote ule nilimdhania mjinga, na ningeweza kumsamehe mjinga. Kumbe alisoma. Alielewa kila kitu, pengine alielewa hata siku ya gwaride.

Nilisimama. "Mwenyekiti, naomba kuijaribu."

Mwenyekiti, asiyejua habari zetu, akasema karibu. Nilitembea hadi mbele. Mkuu wa idara hakunizuia. Angenizuiaje mbele ya mkoa mzima? Nikachapa: 0 × 1 = 0 × 2, kwa kuwa pande zote mbili ni sifuri. Kijani. Halafu: 1 = 2, kwa sheria ya nane. Nikabonyeza. Kijani.

"Walimu wenzangu," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "programu hii niliiandika mimi. Nilipoiandika haikusema moja ni mbili. Huyu ndiye aliyeifundisha."

Mtu mmoja akakohoa. Mwenyekiti akasema ni jambo la kufanyiwa kazi zaidi, na kwamba chai iko tayari.

Mkuu wa idara alinikuta nje nikiwa nimeshika kikombe nisichokinywa. "Madam," akasema kwa ule upole wake, "ungeniambia kando. Sisi ni watu wa nyumba moja."

"Ulijua kwamba msichana alikuwa sahihi."

Akatazama chini kwenye chai yake. "Mtihani wa wilaya nzima, madam. Ukikubali karatasi moja, unafungua zote zisahihishwe upya."

"Ungezifungua."

"Ungekuwa mkuu wa idara ungeelewa."

Nilikiweka kikombe juu ya ukuta, kwa kuwa mkono wangu ulianza kukipa kazi nyingine. Nilichukua mkoba nikaelekea langoni, na hapo nikasikia viatu vya mtu akinikimbilia nyuma. Alikuwa mwalimu wa kike, mgeni katika kazi, ambaye shule yake ilikuwa huko chini Siakago.

"Madam, ile yako yenyewe, ya kweli, unayo?"

Nilikuwa nayo mkobani. Nilimpa diski. "Usiguse sheria ya nane," nikamwambia, kwa ukali ambao hakustahili.

"Sitaigusa," akasema. Akaigeuza diski mkononi, akatabasamu kwa aibu. "Lakini shule yetu haina kompyuta."

"Chukua tu," nikamwambia, nikatoka nje ya lango.